Bima Imelipa Wadi, Usiku Atamgeuza Nani?

Mgonjwa wa kiharusi akiruhusiwa kutoka hospitali jijini Nairobi, watu wa nyumbani hukusanyika kwenye dirisha la malipo na kuuliza jambo moja: "Bima imelipa yote?" Wakiambiwa ndiyo, hushusha pumzi. Ni mapema mno. Bili ya wadi imeisha, lakini nyingine inaanza jioni hiyohiyo, mzee akishalazwa kitandani kwake Umoja au Lang'ata. Hiyo ni bili ya mkono wa kumgeuza saa nne, saa sita, saa nane na saa kumi za usiku, na kadi ya bima iliyomlipia wadi haiulipii mkono huo.

Ugumu wote unatokana na tofauti ya tiba na utunzaji. Tiba ni kile ambacho daktari anatarajia kitabadilisha hali ya mgonjwa: dawa, upasuaji, kusafishwa kidonda, mazoezi ya viungo. Utunzaji ni kumwosha, kumlisha, kumvalisha, kumpeleka chooni na kukaa naye asianguke. Bima ya matibabu hukokotolewa kwa mwaka mmoja mmoja, nao utunzaji unaweza kwenda miaka minane. Kampuni haiwezi kupanga ada ya mwaka kwa kitu kisicho na tarehe ya kwisha, hivyo hukitoa nje ya mkataba. Ndiyo sababu tunamsihi kila anayemnunulia mzazi bima aanze kusoma ukurasa wa mambo yasiyolipiwa, kabla ya ule wa vikomo vya mamilioni. Humo utakuta mapumziko ya baada ya ugonjwa, makao ya wazee, uangalizi usio wa kitabibu, nepi, na mara nyingi hata kiti cha magurudumu na kitanda cha hospitali. Kikomo cha Sh5,000,000 cha kulazwa hakitanunua nepi moja ikiwa kifungu hicho kimo.

Bima nyingine zina kipengele cha nesi wa nyumbani baada ya kulazwa. Kipo, lakini ni kifupi, kinahitaji idhini ya awali, na kinategemea maneno ya daktari. Barua inayosema "mgonjwa anahitaji nesi" hurudishwa. Inayopita husema kazi gani, mara ngapi, siku ngapi na kwa nini: kidonda cha kiunoni kisafishwe na kufungwa mara moja kwa siku kwa siku 14 na nesi aliyesajiliwa, kwa kuwa mgonjwa ana kisukari na kidonda kimefika kwenye nyama. Mwombe daktari aandike hivyo mkiwa bado wadini. Mkishafika nyumbani, kumpata tena ni kazi, na kampuni itauliza kwa nini huduma ilianza kabla ya idhini.

Kuna siku nyingine ya hatari ambayo wengi huigundua kwenye bili. Daktari akishaandika katika faili kwamba mgonjwa anaweza kwenda nyumbani, bima huhesabu kuwa tiba ya kitandani imekwisha. Familia ikisema "tupe siku nne tutafute mtu wa kumwangalia", siku hizo nne ni zenu. Kwa hiyo maandalizi yaanze siku ya tatu ya kulazwa. Muulizeni daktari wa zamu: akitoka hapa, atakuwa anajifanyia nini mwenyewe na nini hawezi? Jibu hilo ndilo bajeti yenu.

Halafu kuna SHA, mamlaka ya serikali ya bima ya afya, iliyochukua nafasi ya ile bima ya zamani ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote, na mchango hauwi chini ya Sh300 kwa mwezi. Asiye na mshahara hupimwa uwezo wa kaya yake na hudaiwa mchango wa mwaka mzima. Kosa linaloumiza wengi ni kudhani kwamba mzazi yuko chini ya jina la mtoto. Hayuko. Wanaofuata jina lako ni mwenzi wako na watoto wako. Mama aliyeko Kayole anahitaji kusajiliwa mwenyewe, kupimwa uwezo na kulipiwa mchango wake. Hayo yafanywe akiwa mzima, kwa *147# au kwa msaada wa ofisi ya SHA. Kituo cha afya kikikuta mchango haujalipwa, bili itageuka kuwa ya mfukoni siku ambayo hakuna aliyejiandaa.

SHA husaidia kweli mtu akilazwa. Katika viwango vilivyotangazwa ilipoanza, kitanda cha hospitali ya ngazi ya 4 hulipiwa Sh3,360 kwa siku, ngazi ya 5 Sh3,920, ngazi ya 6 Sh4,480, na usafishaji wa figo Sh10,650 kwa kila kikao. Hospitali ikitoza zaidi, tofauti hiyo inawahusu ninyi. Lakini pesa hizo huenda kwa kituo kilichoidhinishwa, haziji kwa mtu mliyemwajiri sebuleni. Mzee aliyefikisha miaka 70 na kuandikishwa Inua Jamii, mpango wa serikali wa pesa za wazee, hupata Sh2,000 kwa mwezi. Inafaa kuifuatilia kwa chifu, na iwekwe kwenye hesabu kwa kiasi chake hichohicho.

Sasa hesabu yenyewe. Watu wengi huanza kwa kuuliza mtunzaji analipwa ngapi. Anza na saa. Juma lina saa 168. Amri ya mishahara ya Kenya inaweka juma la kazi la kawaida kuwa saa 52, na la mfanyakazi wa usiku saa 60. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa kila mmoja siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na siku 21 za likizo kwa mwaka. Mgonjwa asiyeweza kuachwa peke yake akiwa na mtu mmoja wa usiku na wawili wa mchana, mna saa 60 na 52 na 52, jumla 164. Saa nne zimepungua kila juma, na watunzaji watatu wakienda likizo ni siku 63 kwa mwaka ambazo nafasi ya mmoja wao iko wazi. Pengo hilo huzibwa na mtu wa nyumbani, na karibu kila mara ni binti au mke wa mtoto wa kiume. Likae kwenye hesabu kwa jina lake. Lisipoandikwa, atachoka na kuugua, na ninyi mtabaki na wagonjwa wawili.

Kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani Nairobi ni Sh16,113.75 kwa mwezi, kwa amri iliyoanza Novemba 2024. Anayefanya zamu na kurudi kwake huongezewa asilimia 15 ya nyumba, ikafika Sh18,530.81. Mwajiri naye huchangia asilimia 6 ya NSSF, akiba ya uzeeni, na asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu, Sh1,111.85 na Sh277.96. Mtu mmoja anawagharimu Sh19,920.62. Watatu ni Sh59,761.86 kila mwezi, na wanne, ambao ndio wanaofunga pengo, ni Sh79,682.48. Hiyo ni sakafu ya kisheria. Mtunzaji aliyefunzwa kuhamisha mgonjwa na kulisha kwa mpira ataomba zaidi, na anastahili. Mkipitia wakala, ulizeni kwa maandishi: katika pesa tunayowalipa, mtunzaji anapata ngapi mkononi? Asiyelipwa vizuri huondoka, na mgonjwa wa akili iliyochoka huanza upya kuzoea mikono mipya.

Jambo hili huachwa sana: kubeba mtu mzima huumiza mgongo. Sheria ya fidia ya ajali kazini ya 2007 inamfanya mwajiri awajibike, na mwajiri anaweza kuwa ninyi. Mtunzaji akiwa ni wa wakala, ombeni nakala ya bima yake ya ajali kazini. Akiwa wenu, ikateni wenyewe.

Msichanganye mtunzaji na nesi. Mtunzaji huogesha, hugeuza, hulisha na hutembeza. Kubadilisha mpira wa mkojo, ambao wa aina ya kawaida hubadilishwa karibu kila wiki nne, kuweka mpira wa kulishia puani, kusafisha kidonda kilichozama na kuchoma sindano ya mshipa ni kazi ya nesi mwenye leseni ya Baraza la Wauguzi la Kenya. Leseni hiyo inaweza kuthibitishwa na baraza lenyewe. Fanyeni hivyo, hata mtu akiwa amevaa sare nyeupe na ana barua ya sifa. Anayelisha kwa mpira naye aangalie alama iliyochorwa kwenye mpira pale unapoingia puani. Alama ikiwa imesogea, asimimine kitu, maana chakula kinaweza kuingia mapafuni. Apigie nesi. Mgonjwa alishwe kichwa na mgongo vikiwa vimeinuliwa nyuzi 30 hadi 45, na abaki hivyo angalau nusu saa baada ya kula. Nimonia ya chakula mapafuni humrudisha mzee wadini, na kila kulazwa hula kikomo cha bima kilichobaki.

Vidonda vya kitandani vinahitaji muda zaidi, kwa kuwa ndipo gharama na mateso hukutana. Kumgeuza kila saa mbili ni mara 12 kwa siku. Ngozi nyeusi haionyeshi wekundu ambao maandishi mengi huutaja. Tumia mgongo wa vidole: gusa mfupa wa kiunoni, visigino na nyonga, ukilinganisha na ngozi ya pembeni. Mahali penye joto zaidi, pagumu au palipolegea kama unga uliokandwa, au palipoiva rangi kuliko kwingine, pameanza. Asilalie hapo tena hadi pawe sawa. Godoro la hewa husaidia, ila halichukui nafasi ya kumgeuza. Mzee akiwa juu yake, ingiza kiganja kilichokunjuliwa chini ya godoro, usawa wa makalio. Ukiuhisi mfupa wake umekaribia kiganja, hewa haitoshi na ni kama analala juu ya ubao. Stima ikipotea pampu husimama na godoro hunywea polepole, hivyo liwekeni juu ya godoro la kawaida la sponji, msitoe la chini. Mtu wa usiku ajue kwamba stima ikikatika, kazi yake ya kwanza ni kumgeuza mzee, taa ifuate.

Nepi tano kwa siku ni 150 kwa mwezi, pakiti 15 za vipande kumi. Shuka za kunyonya mbili kwa siku ni 60. Zidisheni kwa bei ya duka lenu, kisha ulizeni bei ya jumla mjini, kwa sababu hapa ndipo familia hupunguza gharama bila kumwumiza mgonjwa. Kupunguza nepi zenyewe ni hasara: mkojo ukikaa kwenye ngozi saa sita, faida ya godoro la hewa imekwisha.

Pesa zitatoka wapi, basi? Walio na ndugu Marekani huulizwa mbona hamkukata bima ya utunzaji wa muda mrefu. Huko ipo, na inafaa kuielewa kwa kuwa inafundisha maswali ya kuuliza. Hulipa mtu akishindwa mambo mawili kati ya sita: kuoga, kuvaa, kula, kwenda chooni, kuzuia haja, na kuhama kutoka kitandani hadi kitini, hali hiyo ikitarajiwa kudumu angalau siku 90, au akili ikidhoofika kiasi cha kuhitaji uangalizi. Kwa kawaida kuna siku za kujilipia kwanza, mara nyingi 90, kikomo cha kila siku, na miaka ya kulipwa. Wengi huko hudhani Medicare, bima ya afya ya serikali yao kwa wazee, itawalipia. Hiyo hulipia kituo cha uuguzi hadi siku 100 baada ya kulazwa, 20 za kwanza zikiwa kamili, na huduma ya kuogeshwa na kulishwa pekee haiilipii. Anayepanga kurudi Nairobi kustaafu akiwa na bima kama hiyo asome kifungu cha huduma nje ya nchi kabla ya kufunga mizigo. Baadhi ya mikataba hulipa kidogo mno nje, na mingine hailipi kabisa.

Hapa nyumbani, kinachokaribia hiyo ni bima ya magonjwa mahututi, inayouzwa peke yake au kuambatanishwa na bima ya maisha. Ugonjwa uliotajwa ukithibitishwa, kama kiharusi, saratani au figo kushindwa kazi, hulipa donge moja la pesa, nawe unaamua litumike wapi. Linaweza kumlipa mtunzaji, na huo ndio uzuri wake. Soma mambo matatu: siku za kusubiri tangu kuanza, siku ambazo mgonjwa lazima awe hai baada ya ugonjwa kuthibitishwa, na ugonjwa umeelezwaje. Mikataba mingi hutaka kiharusi kiwe kimeacha udhaifu wa kudumu, hivyo ripoti ya picha ya ubongo bila ripoti ya hali ya viungo haitoshi. Na maradhi ya kupoteza kumbukumbu yatafuteni kwenye orodha kwa jina, yasipokuwemo, hayamo. Kisha pimeni donge kwa saa. Milioni moja ikigawanywa kwa wale watunzaji wanne huisha baada ya miezi 12 na nusu, kabla ya nepi na nesi.

Umri hufunga milango mapema. Bima nyingi hazimpokei mpya aliyepita miaka 60 au 65, na presha iliyokuwepo awali huwekewa kipindi cha kusubiri na kikomo chake kidogo. Usiifiche kwenye fomu. Kampuni ikipata faili la kliniki la miaka kumi nyuma, inaweza kufuta mkataba wote, pamoja na yale ambayo ingelipa bila ubishi. Bima ya mzazi iliyo chini ya kazi yako nayo hufa ukiacha kazi, na wakati huo mzazi ana miaka 72 na hakuna anayempokea. Kwa bei, ongeza kwenye ada asilimia 0.2 ya mafunzo, asilimia 0.25 ya mfuko wa fidia wa wenye bima na Sh40 za stempu: ada ya Sh80,000 inakuwa Sh80,400. Ajenti akikutajia makato mengine, aonyeshe yalipoandikwa. Dai likikataliwa, taka sababu kwa barua yenye namba ya kifungu. Jibu la kampuni lisiporidhisha, peleka nakala kwa Mamlaka ya Bima, Upper Hill.

Aliye kazini bado ana nafasi nzuri zaidi ya zote, na haitumiwi vya kutosha. Tangu mwisho wa Desemba 2024, mchango wa hadi Sh15,000 kwa mwezi kwenye mfuko wa matibabu ya baada ya kustaafu huondolewa kwenye mapato kabla ya kodi. Ulizia kama mpango wa pensheni wa kazini kwenu unao, na ulizia mfuko huo utalipia nini hasa. Aliyepata ulemavu na bado ana mapato asajiliwe na baraza la taifa la watu wenye ulemavu, kisha aombe cheti cha KRA, mamlaka ya kodi: mapato ya hadi Sh150,000 kwa mwezi huachwa bila kodi.

Akili ya mzazi ikianza kusahau, fanyeni haraka jambo la benki. Hati ya kawaida ya uwakilishi, inayomruhusu mtu kutenda kwa niaba ya mwingine, hupoteza nguvu aliyeitoa akishindwa kuamua, na baada ya hapo njia ni korti, chini ya Sheria ya Afya ya Akili. Tumeona pensheni ikilala kwenye akaunti huku watoto wakichangishana nepi. Kaeni na mama angali anajua anachotia sahihi, mkiwa na wakili, na ndugu wote wakisikia.

Mgonjwa ambaye tiba imefika kikomo, pigieni huduma shufaa mapema. Nairobi Hospice, iliyoanza 1990 jirani na Hospitali ya Kenyatta, hutuliza maumivu na hufundisha familia kutunza nyumbani. Wengi hufika zikiwa zimebaki siku chache, wakati msaada huo ungewafaa miezi kadhaa nyuma.

Mwisho, nunueni daftari la kurasa 200 likae kando ya kitanda, kalamu ikiwa imefungwa kwa uzi. Kila zamu iandike saa, upande aliolazwa, ngozi, alichokula na kunywa, haja, dawa. Nesi atakapouliza kidonda kilianza lini, daktari atakapoandika barua ya idhini, na bima itakapouliza huduma ilitolewa kweli au la, jibu litatoka humo. Ukurasa mzuri unasomeka hivi: "Saa 8 usiku. Amegeuzwa kushoto, mto katikati ya magoti. Kiunoni pakavu, hapana joto. Nepi imebadilishwa. Amekunywa maji nusu kikombe, amesema ahsante."